Kumfundisha mtoto asiyeona breli kwa michezo: mwongozo kamili kwa mzazi na mwalimu

Mtoto anayeona hukutana na maandishi kabla hajajua kuwa ni maandishi. Yako kwenye kopo, kwenye fulana, ubavuni mwa basi, kwenye simu ya mama yake. Siku anapoanza shule ameshayaona mara zisizohesabika, hata kama hajui herufi hata moja. Mtoto asiyeona hakutani na nukta nundu, yaani breli, maandishi ya nukta zilizoinuka yanayosomwa kwa vidole, mpaka mtu mzima aziweke mahali ambapo mkono wake utapita. Kazi hiyo ni yetu sote tunaomlea. Tusimwachie mwalimu wa breli peke yake.

Nimefundisha breli watoto wadogo kwa muda wa kutosha kuamini kwamba mchezo unashinda zoezi. Lakini nimejifunza pia kwamba kuna michezo ya kichwa na kuna michezo ya kidole, na watu wengi huishia kwenye ile ya kichwa. Mtoto anajua kwamba l ni nukta ya 1, 2 na 3. Anaijenga kwa gololi, anaitaja bila kusita, kila mtu anapiga makofi. Kisha unampa karatasi yenye l ya kweli, ndogo, na anapapasa kama hajawahi kukutana nayo. Akili yake haina tatizo lolote. Kidole chake ndicho ambacho hakijafundishwa. Kwa hiyo, katika kila hatua hapa chini, utaona nikisisitiza kwamba nukta za ukubwa halisi ziwepo tangu siku ya kwanza.

Ujue mwenyewe kwanza

Huna haja ya kuwa mtaalamu. Herufi ya breli hukaa katika chumba chenye nafasi sita za nukta: safu ya kushoto ina nukta ya 1, 2 na 3 kutoka juu kwenda chini, na safu ya kulia ina ya 4, 5 na 6. Herufi kumi za kwanza, a hadi j, hutumia nukta nne za juu tu. Kuanzia k hadi t ni zilezile kumi, zimeongezewa nukta ya 3. Kisha u, v, x, y na z ni a, b, c, d na e zikiwa na nukta ya 3 na ya 6. Imebaki w peke yake, nukta 2, 4, 5 na 6, kwa sababu Kifaransa cha enzi ile hakikuwa na haja nayo. Ukizikariri zile kumi, umepata karibu zote, na wewe unayeona unaweza kuzisoma kwa macho ndani ya siku chache.

Kwa nini nukta sita? Kabla ya breli, Charles Barbier wa Ufaransa alikuwa na maandishi ya nukta 12 katika chumba kimoja. Ncha ya kidole haikuweza kuzipata zote kwa mguso mmoja. Ilibidi msomaji apande na kushuka ili ajue alichogusa. Louis Braille, aliyepoteza uwezo wa kuona baada ya kuumia jicho katika karakana ya baba yake akiwa na miaka 3, alizipunguza zikawa sita. Mwaka 1824, akiwa na miaka 15, kazi ilikuwa imekamilika, na mwaka 1829 mfumo wake ulichapishwa. Siri yake yote ni kwamba chumba kinaenea chini ya ncha ya kidole. Kutoka nukta moja hadi jirani yake ni kama milimita 2.5, na kimo cha nukta ni karibu nusu milimita. Chumba cha ukubwa wa trei ya mayai hakisomwi kwa ncha ya kidole. Kinapapaswa tu.

Hatua ya 1: Mikono ipende kugusa

Anza mapema, hata miaka 3. Mikono inahitaji nguvu na wepesi. Nguvu inatoka kwenye kufinyanga udongo, kubana na kubandua vibanio vya nguo, kufungua na kufunga vifuniko, kutunga shanga (na vitu vidogo visiachwe mikononi mwa anayetia kila kitu mdomoni). Wepesi unatoka kwenye kulinganisha. Tia katika mfuko vitu viwiliviwili: vifungo viwili vya shati, funguo mbili, vipande viwili vya kitambaa kimoja. Mtoto atoe kimoja, kisha atafute pacha wake humo ndani. Akizoea, punguza tofauti: msasa unaokwaruza na msasa laini, shanga ndogo na shanga ndogo zaidi.

Hapa ndipo pia maneno yanapopandwa: juu, chini, kushoto, kulia, katikati, mwanzo, mwisho, mstari. Mtoto asiyejua kulia kwake hawezi kuijua nukta ya 4.

Na tafadhali, usiukamate mkono wake ukauburuta hadi kwenye kitu. Mikono ya mtoto huyu ndiyo inayomwonyesha dunia, na anayeburutwa mikono hujifunza kuilegeza na kungoja. Weka mkono wako chini ya wake, auegemee, mwende pamoja, kisha uutoe taratibu akishafika. Jina la kitu litaje baada ya yeye kukigusa. Ukilitaja kabla, umemnyima kugundua.

Hatua ya 2: Chumba cha nukta sita

Hii ni michezo ya kichwa, na ni mizuri, mradi isikae peke yake.

Kata trei ya mayai ubakize mashimo sita, mawili kwa upana, matatu kwenda chini. Mpe gololi au mipira midogo sita. “Weka mpira kwenye nukta ya 1. Ongeza ya 2. Ongeza ya 3. Sasa umejenga l.” Weka alama upande wa juu wa trei, kwa mfano kipande cha uzi kilichogundishwa, maana trei ikigeuzwa kila kitu kinageuka.

Mwili nao ni chumba: bega la kushoto ni 1, kiuno kushoto ni 2, goti la kushoto ni 3, na upande wa kulia hivyohivyo kwa 4, 5 na 6. Taja herufi, mtoto ajiguse. Ajiguse mwenyewe, asikuguse wewe uliyesimama mbele yake, kwa sababu kushoto kwako kumeelekea kulia kwake na atajifunza herufi zilizogeuka. Mkiwa na nafasi, panga mito sita sakafuni arukie. Wakiwepo watoto sita, kila mmoja awe nukta: anayehusika husimama, asiyehusika huchuchumaa, na msomaji hupita akigusa vichwa.

Wapo pia wenye matofali ya LEGO Braille Bricks, yaliyoanza kutolewa mwaka 2020 kutokana na wazo la chama cha wasioona cha Denmark na la taasisi ya wasioona ya Dorina Nowill nchini Brazil. Vinundu vyake vimepangwa kama breli, na kila tofali lina herufi ya kawaida iliyochapwa, hivyo ndugu anayeona anaweza kucheza naye bila kujua breli. Nayapenda kwa sababu hiyo. Ila nundu hadi nundu ni milimita 8, zaidi ya mara tatu ya breli halisi. Yajengeni, myachezee, kisha mchezo ukiisha kila herufi mliyoijenga aiguse kwenye karatasi. Ndivyo ninavyofanya na trei pia: pembeni huwa na kadi ya herufi hiyohiyo kwa ukubwa wake wa kweli. Mwanzoni haimwambii kitu. Siku moja itamwambia.

Hatua ya 3: Reli

Kabla ya herufi, kidole kijue kusafiri. Tumia karatasi nene, andika mstari wa vyumba vilivyojaa nukta zote sita, mfululizo, na mahali fulani uruke nafasi moja. Hiyo ni reli na daraja limekatika. Vidole vya mtoto ni treni, mdomo wake ni injini. Anaondoka kushoto, ananguruma, na akifika penye pengo anafunga breki. Watoto huucheza mchezo huu mpaka wewe ndiye unayechoka.

Baadaye andika reli nyembamba, nukta za 3 na 6 tu, na hapa na pale weka chumba kilichojaa: hivyo ni vituo. Abiria wangapi wameshuka? Vituo vingapi vimepita? Anza na mistari iliyoachana, kisha isogeze karibu.

Wakati treni inakwenda, wewe tazama mikono. Vidole vijikunje kidogo, vinne vya kila mkono viguse mstari, si kimoja kilichosimama kama msumari. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kwenye breli pia mkono mmoja huchelewa: msomaji mzuri humalizia mstari kwa mkono wa kulia huku wa kushoto umeshatangulia kutafuta mstari unaofuata. Mguso uwe mwepesi. Ili kuupima, iache karatasi mezani bila kuibana. Ikiburuzwa na vidole, anakandamiza mno. Mwambie kuna sisimizi amelala juu ya mstari na hatakiwi kuamshwa. Na asisugue juu na chini mahali pamoja. Nukta husikika vizuri kidole kikiteleza kwenda kulia, na mtoto aliyezoea kusugua huchukua muda mrefu kuacha.

Hatua ya 4: Herufi za kwanza zisiwe a, b, c, d

Mpangilio wa alfabeti ni wa kamusi. Kidole kinataka herufi zinazotofautiana sana, na mtoto anataka maneno haraka. Kwa Kiswahili mimi huanza na a, l na m. Moja ni nukta pweke, nyingine ni nguzo, ya tatu ina nukta pande zote mbili. Kwa hizo tatu tu mtoto anasoma mama, lala, na alama. Ongeza k na u, ukapata kaka, kuku, kula, na neno ambalo kila mtoto hushangaa kulipata mapema hivyo: kalamu. Usiilete b upesi baada ya k, maana zote ni nukta mbili za safu ya kushoto, tofauti ni pengo katikati.

Kuna jozi nne za kuogopa kwa sababu kila moja ni mwenzake aliyegeuzwa kama kwenye kioo: d na f, e na i, h na j, r na w. Hii e na i ndiyo inayotusumbua zaidi, kwa kuwa irabu zimejaa kila neno. Mtoto akizichanganya, kiti kinakuwa keti. Akichanganya h na j, hali inakuwa jali. D na f, dua inakuwa fua. Fundisha i kwanza, ikomae kabisa, wiki kadhaa zipite, ndipo umlete e. Ukizifundisha siku moja kwa nia ya kumwonyesha tofauti, utakuwa umezifunga pamoja kichwani mwake.

Jina lake halifuati mpangilio huu. Liwekwe kwenye kikombe chake, kiti chake, begi lake, tangu mwanzo, hata kama lina herufi ngumu. Atalitambua kwa umbo zima, kama mtoto anayeona anavyolitambua lake kabla ya kusoma.

Vifupisho vya breli, yaani alama zinazosimamia herufi kadhaa au neno zima, viache kwanza. Aandikiwe neno zima, herufi kwa herufi.

Hatua ya 5: Mgeni ni nani?

Kama ningeambiwa nibakize mchezo mmoja, ningebakiza huu.

Andika mstari wa herufi moja, ukiacha nafasi kati ya herufi na herufi, na katikati uingize nyingine: l l l l a l l. Mtoto apite mstari wote na kubandika kipande kidogo cha udongo juu ya mgeni. Si lazima ajue majina ya herufi. Anachofanya ni kusikia tofauti kwa kidole, na huko ndiko kusoma kulikoanzia. Kisha punguza tofauti pole pole: l l m l l, halafu k k u k k, na mwishoni kabisa i i e i i.

Siku nyingine weka wageni wawili. Siku nyingine usiweke hata mmoja, umwache afike mwisho na kukuambia kwa sauti ya ushindi kwamba hakuna mgeni leo. Bila hivyo atajifunza kusimama mara tu anapompata wa kwanza, na utakuwa umemfundisha kutomaliza mstari.

Kadi za jozi nazo ni nzuri. Andika kila herufi kwenye kadi mbili, zipangeni mezani, mtafute mapacha kwa zamu. Mambo mawili yanaokoa mchezo huu. Kata kona ya juu kulia ya kila kadi, ili mtoto ajue imekaa sawa. Bila kona hiyo, d iliyopinduka hana namna ya kuijua. La pili, herufi ikiwa peke yake kwenye kadi kidole hakina pa kupimia: nukta moja inaweza kuwa a, inaweza kuwa nukta yoyote. Andika chumba kilichojaa mbele yake, uache nafasi, ndipo uandike herufi. Hapo kidole kinajua juu ni wapi na chini ni wapi.

Na mkiwa safarini, bila karatasi wala kadi: “Kitendawili!” “Tega!” “Nina nukta tatu, zote zimesimama kushoto, na bila mimi huwezi kulala.” Kisha umwachie yeye atege. Vitendawili anavyotunga vitakuonyesha anajua nini kuliko jaribio lolote.

Hatua ya 6: Maneno yenye kazi

Mtoto husoma kwa bidii pale ambapo neno linampeleka mahali anapotaka. Ficha kitu anachokipenda, kisha acha vikaratasi. Cha kwanza mkononi mwake: “kabati”. Ndani ya kabati, cha pili: “mto”. Chini ya mto, zawadi. Tumia maneno ya herufi anazozijua tu, na kila kikaratasi kiwe na neno moja. Nilikuwa na mtoto aliyekataa karatasi za mazoezi kabisa. Akipewa anaficha mikono kwapani. Alisoma vikaratasi vitano siku ya kwanza ya mchezo huu, na kwenye cha nne alirudi mwenyewe mwanzo wa neno kwa sababu lilimpeleka penye mlango na mlangoni hapakuwa na kitu. Hakuna aliyemwambia amekosea. Mlango ndio uliomwambia.

Tengeneza pia kitabu chake. Siku mliyokwenda matembezi, rudini na jani, kokoto bapa, tiketi. Kila kimoja kigundishwe kwenye ukurasa wake, na chini yake sentensi fupi ya maneno yake mwenyewe. Picha zilizochongwa kwa mistari iliyoinuka hazimsaidii sana mtoto mdogo. Umbo la mti kwenye karatasi halifanani na mti alioukumbatia. Kitu chenyewe kinafanana.

Lebo za nyumbani ziwe kwenye vitu anavyovitumia na zikae kimo cha mkono wake. Nukta zilizotengenezwa kwa matone ya gundi zinafaa kwa lebo, ila usizitumie kwa kusomea, kwa kuwa hazilingani na kidole huzoea upotovu.

Simu inayosoma kwa sauti ni msaada mkubwa na mtoto aijue. Lakini anayesikiliza tu hajui kama kalamu inaandikwa kwa k au kwa herufi nyingine.

Hatua ya 7: Kuandika

Ikiwa mnayo mashine ya kuandikia breli ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1951, mpe aipige ovyo kabla hajajifunza chochote. Watoto wanaoona huanza kwa kuchorachora ukutani. Na huyu anastahili michoro yake. Akikuletea ukurasa wa nukta zisizo na maana akasema ni barua ya bibi, muulize inasemaje, msikilize mpaka mwisho, kisha chini yake uandike aliyoyasema.

Vidole vikipata nguvu, vipewe nafasi zao: kidole cha shahada cha kushoto kwenye nukta ya 1, cha kati 2, cha pete 3, upande wa kulia shahada 4, cha kati 5, cha pete 6, na kitufe cha nafasi kiko katikati. Vidole vya herufi moja vibonyeze kwa pamoja, kama kupiga kinanda. Wadogo huelemewa na kidole cha pete, kwa hiyo k, l, m na u zitatoka na nukta hafifu. Rudi kwenye udongo na vibanio, usirudi kwenye karipio.

Kibao cha matundu na kalamu yake ya kutobolea ni rahisi kubeba, lakini mtoto hutoboa kwa nyuma ya karatasi akitoka kulia kwenda kushoto, na nukta husomeka ikishageuzwa. Mimi husubiri mpaka asome kwa uhakika, nisije nikamchanganyia zile jozi za kioo.

Mtoto mwenye uoni hafifu

Huyu ataziinamia nukta na kuzisoma kwa macho, na macho yatachoka kabla ya ukurasa kuisha. Kumfunga kitambaa usoni humtia aibu. Tafuta mchezo ambao kuangalia hakuwezekani kwa asili yake: sanduku lenye tundu mbili za mikono, kusoma chini ya meza kama wapelelezi, hadithi ya usiku taa zikiwa zimezimwa. Na mweleze kwa nini, kwa lugha anayoielewa.

Mambo madogo yanayoharibu siku

Mikono iwe safi na mikavu, na ikiwa baridi isuguliwe kwanza. Meza iwe kimo cha viwiko, miguu ifike chini. Kadi ambazo nukta zimelala ziandikwe upya. Mtoto anayekosea kwenye kadi chakavu hajakosea. Dakika kumi mara tatu kwa siku ni bora kuliko nusu saa ya mfululizo, na mchezo ukatwe angali anautaka.

Yule mtoto wa vikaratasi, baada ya miezi kadhaa, alinipa zamu yangu. Aliandika mwenyewe, akakunja, akanikabidhi: “kabti”. Nilitaka kumuuliza a ya pili iko wapi, nikanyamaza, nikaenda moja kwa moja kwenye meza nikapapasa chini yake. Alicheka, akasema hapana, nisome tena. Nikamwomba tusome pamoja. Kidole chake kilipita k, a, b, t, kikasimama, kikarudi. Kisha akanyoosha mkono kutafuta mashine.